Kutoka "Jambo" hadi "Mambo": Salamu, Habari na Nyimbo za Nairobi za Mwaka 1982

Ikisiri

Makala hii inahakiki nyimbo za Kiswahili zilizotoka katika studio na kampuni za santuri za Kenya mwaka 1982: "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, iliyotungwa na Teddy Kalanda Harrison, na nyimbo mbili za Orchestra Makassy, "Mambo Bado" na "Kufilisika Sio Kilema". Hoja kuu ni kwamba wimbo wa kwanza umedharauliwa na wataalamu kwa sababu isiyo sahihi. Kasoro yake haiko katika sarufi, bali katika kusimama kwenye salamu bila kufika kwenye habari. Nyimbo za Makassy, zilizoimbwa na wanamuziki wenye asili ya nchi jirani, zinaingia pale ambapo salamu inaishia. Makala inapendekeza namna nyimbo hizi zinavyoweza kuzisaidia nchi zinazoanza kufundisha Kiswahili kwa upana, pamoja na wajibu wa kuhifadhi majina ya watunzi.

Istilahi muhimu: salamu, wimbo pendwa, mtunzi, Kiswahili cha utalii, ufundishaji

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, aliyetoka katika familia isiyotumia Kiswahili nyumbani, aliingia ofisini mwangu akanisalimu kwa furaha: "Jambo, bwana!" Mimi ni mwanamke, tena mwalimu wake. Nilimsahihisha papo hapo. Nikamweleza kwamba mtu mzima huamkiwa kwa "shikamoo", kwamba "jambo" peke yake ni salamu ya watalii, na kwamba "bwana" hakumfai kila anayesalimiwa. Alinisikiliza, akashukuru, akaondoka. Jioni ndipo nilipotambua kuwa sikumuuliza alikuwa amekuja kwa haja gani. Kesho yake nilipata habari kuwa alikuwa na tatizo la karo na alihitaji barua.

Nalisimulia tukio hili kwa kuwa ndani yake limo suala ambalo makala hii inalijadili. Mwanafunzi yule alikuwa na salamu, lakini hakuwa na njia ya kutoka kwenye salamu kuelekea kwenye jambo lililomleta. Nami, kwa kuishughulikia sarufi ya salamu yake, nilimfungia mlango huohuo. Wimbo aliojifunzia salamu ile ni miongoni mwa nyimbo za Kiswahili zinazojulikana zaidi duniani, na sisi watafiti wa lugha tumezoea kuutaja kwa kejeli tu, kama mfano wa Kiswahili kilichochakachuliwa kwa ajili ya mgeni. Makala hii inauliza kama kejeli hiyo ina msingi, na kama tumeielekeza mahali panapostahili.

Uchambuzi umejifunga katika mwaka mmoja, 1982, na katika mji mmoja ambao ndio uliokuwa soko la santuri la ukanda huu, Nairobi. Nyimbo zimesomwa kama maneno yaliyotungwa na watu wenye majina, katika mazingira ya kazi yanayoweza kuelezwa. Kwa upande wa Makassy, uchambuzi unajikita katika majina ya nyimbo, kwa kuwa jina la wimbo ndilo linalotoka kwenye santuri na kuingia katika mazungumzo ya watu.

2.0 Mwaka wenyewe

Mwaka 1982 haukuwa mwaka mtulivu nchini Kenya. Mwezi Machi kituo cha utamaduni cha Kamirithu, Limuru, ambako Ngũgĩ wa Thiong'o na wanakijiji walikuwa wameigiza tamthilia, kilibomolewa kwa amri ya serikali. Mwezi Juni Bunge lilibadili katiba na kuifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria. Tarehe 1 Agosti wanajeshi wa kikosi cha anga walijaribu kuipindua serikali, wakakiteka kituo cha redio ya taifa, na wakashindwa siku hiyohiyo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa. Aliyekuwa na neno la kusema alilipima kabla ya kulitoa.

Kwa upande wa kanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika tangu 1977, na mpaka baina ya Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa; haukufunguliwa hadi 1983. Tanzania ilikuwa ikiuguza majeraha ya kiuchumi ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Hata hivyo, muziki uliendelea kuvuka. Tanzania ilikuwa na bendi nyingi na redio yenye studio ya kurekodia, lakini kazi ya kuchapa santuri na kuziuza ilifanyika Nairobi. Mwanamuziki aliyetaka santuri yake mkononi hakuwa na budi kuifuata huko.

Sidai kwamba wimbo wowote kati ya hizi ulitungwa kuyajibu matukio hayo. Wimbo huweza kutungwa mapema na kutoka baadaye, na mtunzi huwa na sababu zake. Ninachodai ni kwamba msikilizaji wa mwaka ule alikuwa na masikio ya mwaka ule, na maneno "hakuna matata" yalipita katika masikio hayo.

3.0 "Jambo Bwana": salamu iliyopoteza ukanushi wake

Them Mushrooms ni bendi ya ndugu wa ukoo wa Harrison, wenyeji wa Pwani ya Kenya, iliyokomaa ikitumbuiza katika hoteli za kitalii. Wimbo wao ulitolewa 1982 na kampuni ya Polygram. Mwaka uliofuata kundi la Boney M lililokuwa na makao Ujerumani lilitoa toleo lake, na bendi nyingine za Kenya, ikiwamo Safari Sound Band, ziliurudia hadi ukawa kama wimbo usio na mwenyewe.

Tuhuma ya kwanza dhidi ya wimbo huu ni kwamba "jambo" si salamu. Tuhuma hii ni ya kweli nusu. Salamu kamili ni "hujambo", ambayo kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi maana yake ni "huna jambo", yaani hapana neno baya lililokupata. Jibu lake, "sijambo", nalo ni ukanushi. Kwamba maana hiyo ingali hai tunaiona tunaposema kuwa mgonjwa "hajambo kidogo": jambo limemtoka, japo si lote. Kwa hiyo kiini cha salamu ya Kiswahili ni kukanusha shida. Ukiondoa kiambishi cha ukanushi, ukabaki na "jambo" tupu, umemwambia mtu: "shida, bwana". Hilo ndilo kosa ambalo walimu hulirudia darasani.

Lakini wimbo hauishii hapo. Tukiusoma hadi kiitikio, tunaukuta ule ukanushi uliodondoka mwanzoni umerejeshwa mwishoni, safari hii kwa kitenzi kamili na nomino kamili: "hakuna matata". Kilichopotea katika neno la kwanza kimelipwa katika maneno ya mwisho. Muundo wa ndani wa "hujambo" umetandazwa ukawa muundo wa wimbo mzima. Haihitajiki kudai kwamba Kalanda aliupanga hivyo kwa makusudi. Yatosha kusema kwamba mzawa wa Pwani aliyekulia katika salamu hizo aliutunga wimbo wake kwa mantiki iliyomo ndani ya lugha, hata pale alipoirahisisha kwa ajili ya mgeni.

Tuhuma ya pili ni kwamba Kiswahili cha wimbo ni chapwa. Ushahidi unapinga. Kitenzi cha ukaribisho, "mwakaribishwa", kimebeba nafsi ya pili wingi, wakati wa -a- ambao wazungumzaji wengi wa bara huukwepa, mnyambuliko wa kusababisha na kauli ya kutendwa, vyote katika neno moja. Mtu anayetunga Kiswahili cha kuombea maji hasemi "mwakaribishwa". Neno hilo limetoka katika kinywa cha mtu wa Pwani anayeongea kama kwao.

Hapa ndipo uhakiki unapopaswa kuwa mkali zaidi, si laini zaidi. Kauli ya kutendwa humficha mtenda. Wageni wanakaribishwa, lakini na nani? Mwenyeji haonekani kama mtendaji popote. Anajitokeza mara moja tu, kupitia kimilikishi "-etu" kinachoitaja nchi. Isitoshe, swali la habari na jibu lake vimo katika kinywa kilekile: bendi inauliza, na bendi inajibu kwamba habari ni nzuri. Mgeni hasubiriwi aseme lake, na mwenyeji hapati nafasi ya kusema lake. Kisha zinafuata sifa za nchi, uzuri wake na amani yake, na mazungumzo yanafungwa.

Katika adabu ya Waswahili, "nzuri" ni jibu la kwanza tu. Hata aliyefiwa huanza kwa "nzuri" au "salama", kisha hutua, kisha husema "ila". Neno "ila" ndilo mlango wa habari. Mwenye busara huulizia nyumba, watoto, kazi na afya, akijua kwamba katika swali la tatu au la nne ndipo ukweli hujitokeza. Salamu ni ukumbi. Habari ziko ndani. "Jambo Bwana" ni ukumbi uliopambwa vizuri ambao mlango wake wa ndani umefungwa. Kasoro yake ni hiyo, na ni kasoro ya mazingira ya kazi kama ilivyo ya utunzi. Mwanamuziki wa hoteli hulipwa ili mgeni asisikie "ila".

4.0 Makassy: "mambo" yaliyobaki

Mwaka huohuo, Orchestra Makassy ilirekodi Nairobi nyimbo zilizosambazwa na kampuni ya Virgin ya Uingereza katika albamu *Agwaya*. Njia ya bendi hii yenyewe ni ramani ya ukanda. Kiongozi wake, Kitenzogu Makassy, alikuwa na asili ya Kongo, wakati ule Zaire. Bendi ilikuwa Kampala wakati wa Idi Amin, ikahamia Dar es Salaam mwaka 1975, kisha ikafika Nairobi. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyekuja kuwa miongoni mwa watunzi wakubwa wa Tanzania, aliletwa Dar es Salaam na bendi hii mwaka 1978. Ndani ya albamu mna nyimbo za Kilingala na za Kiswahili. Jambo la kuzingatia ni kwamba watu ambao Kiswahili chao kilipitia mipaka mitatu ndio waliotoa majina mawili ya nyimbo yaliyogeuka kuwa semi.

Jina la kwanza ni "Mambo Bado". Kisarufi, "mambo" ni wingi wa "jambo". Nomino ileile ambayo katika wimbo wa Kalanda imemwagwa maana yake ikabaki sauti ya kusalimia, kwa Makassy iko katika wingi na imejaa. Hakuna kitenzi. "Bado" linasimama peke yake, na msikilizaji ndiye anayelijazia: hayajaisha, hayajaanza, hayajafika, hayajatengenezeka. Ukosefu huo wa kitenzi ndio nguvu ya usemi. Katika mwaka ambao watu walipima maneno, usemi unaomwachia msikilizaji kazi ya kuukamilisha ni mali. Anayetaka kuusikia kama majigambo ya bendi inayotamba atausikia hivyo. Anayetaka kuusikia kama onyo hatazuiwa. Na hapana mtu atakayeweza kumshtaki mwimbaji kwa kitenzi ambacho hakukitamka.

Jina la pili ni "Kufilisika Sio Kilema". Mhariri wa Kiswahili sanifu angetaka "si kilema", na kwa hakika "sio" ni ya mazungumzo. Lakini tazama kalibu. Kitenzi-jina, kikanushi, kisha nomino: ndiyo kalibu ya "kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi" na ya "kukosea si kosa, kosa ni kurudia kosa". Wanamuziki hawa hawakuazima methali. Waliazima kiwanda cha methali na kuzalisha yao. Na waliizalisha wakati ambapo kufilisika kulikuwa habari ya kila siku: maduka matupu ng'ambo moja ya mpaka, mpaka wenyewe umefungwa, na bendi inayohama mji baada ya mji kutafuta riziki. Jina hilo linamtenga mtu na hali yake. Aliyefilisika ana shida, hana dosari. Ndiyo habari ambayo mtu angeisema baada ya "nzuri", endapo angeulizwa swali la tatu.

Tukiziweka nyimbo hizi pamoja, tunapata mazungumzo kamili ya Kiswahili ya mwaka 1982: salamu, kisha "bado", kisha kauli ya kuijengea hali utu. Historia ya muziki imezitenganisha. Wimbo wa kwanza umewekwa kwenye rafu ya utalii, na za pili kwenye rafu ya dansi. Matokeo ni kwamba anayeisoma kila rafu peke yake hasikii mazungumzo.

Lazima pia tukiri ulinganifu mmoja wa kusikitisha. Dunia iliukumbuka wimbo wa Kalanda kwa maneno manne au matano ambayo iliyafanya kaulimbiu, na iliukumbuka muziki wa Makassy kwa magitaa na saksofoni, bila maneno kabisa. Kwa njia mbili tofauti, Kiswahili kilisafiri na maana yake ikabaki uwanja wa ndege.

5.0 Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba kuusoma wimbo wa hoteli kwa makini hivi ni kuupa heshima isiyo yake. Jibu langu ni kwamba heshima ya uhakiki haitolewi kwa sababu ya mahali wimbo ulipoimbwa. Taarabu iliimbwa harusini na mashairi mengi ya Pwani yalitungwa kwa kujibizana barazani, na hatujayakataa kwa sababu hiyo. Kama wimbo una kasoro, tuionyeshe ndani ya maneno yake. Kusema tu kwamba ni wa watalii ni kumhukumu mtunzi kwa mwajiri wake.

Wengine watasema kwamba majina ya nyimbo hayatoshi kujengea hoja. Ni kweli kwamba uchambuzi wa beti za Makassy unastahili makala yake. Lakini katika Kiswahili jina la wimbo si lebo tu. Huandikwa kwenye kanga na kwenye gari, hutupwa katika mazungumzo kama jibu, na hufika kwa watu ambao santuri haikuwafikia. Anayechunguza namna lugha inavyoishi hawezi kuyapuuza.

6.0 Watunzi, hakimiliki na sera

Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa filamu yenye wimbo uliobeba maneno "hakuna matata", nayo baadaye ikayasajili Marekani kuwa alama ya biashara. Mwishoni mwa 2018 usajili huo ulizusha malalamiko makubwa. Wengi walitetea lugha, na walifanya vyema. Ila katika makelele hayo jina la Teddy Kalanda Harrison halikutajwa kwa kiasi kilichostahili. Tulikuwa tayari kudai kwamba maneno ni yetu sote, na si tayari kukumbuka kwamba kabla ya filamu hiyo alikuwapo mtu aliyeyatia katika wimbo yakaenea duniani. Ugomvi wa muda mrefu kuhusu nani aliutunga "Malaika" ungetosha kutufunza gharama ya kutoandika jina la mtunzi mapema. Kwa bendi kama Makassy hali ni ngumu zaidi, kwa sababu jina la bendi humeza majina ya waliotunga nyimbo mojamoja.

Kwa kuzingatia hayo, napendekeza mambo matatu kwa washauri wa sera wanaoshiriki mkutano huu.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ishirikiane na redio za taifa na vyuo vikuu kuandaa orodha ya nyimbo za Kiswahili mwaka kwa mwaka, ikitaja mtunzi, waimbaji, mahali pa kurekodia na lahaja au lugha zilizotumika. Kazi hiyo ianze na miaka ambayo walioshiriki wangali hai kuhojiwa.

Pili, Rwanda iliyokifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, Uganda ambayo baraza lake la mawaziri lilipitisha mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima, na Kongo iliyojiunga na Jumuiya mwaka huohuo, zisichukue mitaala inayosimama kwenye salamu. Mfanyabiashara mdogo anayevuka mpaka anahitaji kuweza kusema kwamba mzigo wake umezuiwa na kwa nini haoni haki katika hilo. Mgonjwa anahitaji kusema kwamba hajambo, ila usiku hupata homa. Mitihani yetu humpa alama anayejibu "nzuri sana". Impe pia alama anayejua kusema "ila".

Tatu, "Jambo Bwana" isifukuzwe darasani. Wanafunzi huja nayo hata tusipoialika. Itumike kama mlango: mwalimu aonyeshe kiambishi kilichodondoka, aonyeshe kinavyorudi katika kiitikio, achambue "mwakaribishwa", kisha aulize ni nani anayekaribisha. Baada ya hapo alete "Kufilisika Sio Kilema" na kuwauliza wanafunzi watunge kauli zao kwa kalibu hiyohiyo, kila mmoja kuhusu hali anayoifahamu.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba "Jambo Bwana" ni wimbo wenye mantiki ya salamu ya Kiswahili na sarufi ya Pwani isiyostahili kudharauliwa, na kwamba upungufu wake ni kufunga mazungumzo kabla ya habari. Imeonyesha pia kwamba habari hizo zilikuwapo mwaka uleule, katika soko lilelile la santuri, katika vinywa vya wanamuziki waliotoka nchi jirani. Wakati huu "mambo" nalo limegeuka kuwa salamu ya vijana, na jibu lake ni "poa". Neno lililobeba shida katika wingi limepita njia ileile ya umoja wake. Lugha itaendelea kuyageuza mambo kuwa salamu. Kazi ya mwalimu na ya mhakiki ni kuuliza swali linalofuata. Mwanafunzi wangu alipata barua yake siku mbili baadaye kuliko alivyopaswa kuipata.